Somo: Kuomba kibali cha ujenzi katika mji mdogo, hatua kwa hatua

Wakuu, somo hili ni la yeyote anayetaka kujenga nyumba yake kwenye mji mdogo na hajawahi kupeleka maombi ofisi ya mipango miji. Kazi yangu ni kuandaa michoro na mafaili ya watu, na kabla ya yote nataka mlishike jambo moja: maombi mengi hukwamishwa na kiwanja, si na nyumba. Mtu analeta michoro ya vyumba iliyopendeza, lakini mipaka haijathibitishwa, njia ya maji ya mvua haionyeshwi, na jina lililo kwenye hati si la mwombaji. Faili linarudi, na yeye anadhani amechukiwa.

Ada, fomu na majina ya idara hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata kati ya halmashauri mbili zinazopakana. Mtiririko wa kazi, hata hivyo, unafanana karibu kila mahali.

Hatua ya 1: Nyoosha karatasi za kiwanja

Soma hati yako mstari kwa mstari. Jina liwe lako, au uwe na idhini ya maandishi ya mwenye jina. Kama kiwanja ni cha urithi na hakijagawanywa, wenzako wote wasaini sasa. Saini ya ndugu mmoja ikikosekana leo, kesho atakuja kusimamisha kazi ukiwa umeshafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha.

Angalia pia matumizi yaliyopangwa: makazi, biashara, taasisi, au mchanganyiko. Kiwanja cha makazi hakigeuki cha maduka kwa sababu tu kipo kando ya barabara. Kubadili matumizi ni ombi jingine kabisa, nalo hutangulia.

Kisha mwite mpima ardhi aliyesajiliwa azitafute bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa wakati wa upimaji. Usimwamini aliyekuuzia, wala uzio wa jirani. Uzio huhama, bikoni hung'olewa, na ukigundua kosa baada ya kuchimba msingi hakuna mchoro utakaokuokoa. Mwambie akuonyeshe pia hifadhi ya barabara, kingo za mto au korongo, na laini kubwa ya umeme ikiwa inapita karibu. Maeneo hayo huwezi kuyajengea hata kama yamo ndani ya uzio wako.

Hatua ya 2: Nenda ofisini kabla hujachora chochote

Watu wengi huiruka hatua hii, na inaniuma kwa sababu ndiyo faida kubwa ya mji mdogo. Afisa utakayemkuta mezani, mara nyingi ndiye atakayepitia faili lako, na ndiye atakayekuja kukagua msingi. Mwendee na nakala ya hati na ramani ya upimaji, umuulize: niache umbali gani kutoka kila mpaka? Jengo linaruhusiwa kufunika sehemu gani ya kiwanja? Mwisho ghorofa ngapi? Maji taka yanakwenda wapi? Nani anaruhusiwa kusaini michoro? Zinatakiwa nakala ngapi? Na kamati ya vibali inakaa lini? Swali hili la mwisho lina uzito wake. Katika mji mdogo huenda kamati isikae kila wiki, na faili lililochelewa siku moja husubiri hadi kikao kinachofuata.

Majibu yote yaandike, pamoja na tarehe.

Tuyaweke kwenye hesabu ya mfano. Kiwanja kina upana wa mita 20 na urefu wa mita 30, yaani mita za mraba 600. Tuseme umeambiwa uache mita 5 mbele, 3 nyuma na 2 kila ubavu. Unabaki na 16 kwa 22, sawa na mita za mraba 352. Mwenye kiwanja hufurahi hapo na kuanza kuchora. Lakini ikiwa jengo haliruhusiwi kufunika zaidi ya asilimia 40 ya kiwanja, kikomo chako ni mita za mraba 240, si 352. Uliza kabisa kama baraza lililoezekwa na banda la gari vinahesabiwa, kwa sababu sehemu nyingi huvihesabu.

Hatua ya 3: Michoro

Mpe mchoraji majibu ya hatua ya 2 kabla hujamweleza habari ya sebule. Kwa kawaida seti huwa na ramani ya kiwanja kwa mizani ya 1:200 au 1:500, mpangilio wa vyumba kwa 1:100, mikato (michoro ya nyumba kama imekatwa wima ndani ionekane), mwonekano wa pande zote nne, na paa. Nyumba ya ghorofa huhitaji pia michoro ya mhandisi inayoonyesha msingi, nguzo, mihimili na nondo, na mara nyingi ripoti ya udongo.

Kinachochunguzwa sana ni ramani ya kiwanja, na ndiyo inayochorwa kwa haraka kuliko zote. Ionyeshe upande wa kaskazini, urefu wa kila mpaka, barabara ya kuingilia, majengo yaliyopo, mwelekeo wa mteremko, karo la maji taka na kisima kama kipo. Kati ya kisima na mahali maji taka yanapozama ardhini, kipimo kinachotumika sana ni mita 30, na halmashauri yako inaweza kutaka zaidi. Kwenye kiwanja kidogo sharti hili peke yake linaweza kuamua nyumba ikae wapi. Usisahau kisima cha jirani.

Madirisha nayo hukaguliwa kwa hesabu. Kwa mfano, kanuni za nyumba za makazi zinazotumika sana Marekani hutaka kwa kawaida vioo visivyopungua asilimia 8 ya sakafu ya chumba, na sehemu inayofunguka isipungue asilimia 4. Chumba cha mita 3 kwa 4 kitahitaji vioo vya karibu mita moja ya mraba. Kwenu namba zinaweza kuwa nyingine, ila mkaguzi atapiga hesabu ya namna hiyohiyo.

Hatua ya 4: Kuwasilisha

Jaza fomu kwa jina lilelile lililo kwenye hati, herufi kwa herufi. Lipa ada kwenye akaunti rasmi tu. Usiondoke bila risiti na namba ya faili.

Hatua ya 5: Kujibu marekebisho

Faili kurudi na maoni ni jambo la kawaida, halimaanishi kukataliwa. Andika barua inayojibu kila hoja kwa namba yake: hoja ya kwanza imerekebishwa kwenye karatasi fulani, ya pili hivi. Zungushia sehemu iliyobadilika kwenye mchoro na uweke tarehe mpya. Usiongeze chumba kimyakimya katika marekebisho hayo. Afisa akikiona, ataanza kupitia faili lote upya, na ana haki.

Hatua ya 6: Kibali kikitoka

Soma masharti yaliyo nyuma au kwenye kiambatisho, hasa muda wa kuanza kazi. Nakala iliyogongwa muhuri ikae eneo la ujenzi, na fundi ajenge kwa kuifuata hiyo, si picha aliyonayo kwenye simu. Toa taarifa kabla ya kila ukaguzi: mashimo ya msingi yakiwa wazi, nondo zikiwa zimefungwa kabla ya zege, mabomba kabla ya kufukiwa. Jengo likiisha, omba cheti cha kukamilika. Bila cheti hicho unaweza kusumbuka kwenye bima, mkopo, hata siku ya kuuza.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, fundi anasema tuchimbe na kumwaga msingi wakati tunasubiri kibali, mvua zinakuja. Tufanye?*

Hapana, ndugu yangu. Mkaguzi haoni nondo zilizo ndani ya zege. Anaweza kuagiza mvunje sehemu ili aone, au kamati ikataka nyumba isogezwe mita moja, na msingi mzima ukawa hasara. Wakati huu fyekeni kiwanja, tengenezeni njia ya gari na mtafute maji ya kazi, baada ya kuuliza ofisini kama hayo yanaruhusiwa.

*Nimepata ramani nzuri ya nyumba kwenye intaneti. Naweza kuipeleka kama ilivyo?*

Itumie kumwonyesha mchoraji unachopenda, dada. Aliyeichora hakijui kiwanja chako, mteremko wake wala udongo wake, na hatasaini akubali wajibu. Mtaalamu wa kwenu aichore upya na ajibu kwa jina lake.

*Kibali changu ni cha nyumba ya chini tu, lakini fundi anasema msingi ni imara na ghorofa moja itakaa bila shida. Lazima nirudi ofisini?*

Lazima, na naomba hili ulichukulie kwa uzito wote. Jengo la Rana Plaza huko Bangladesh lilianguka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100. Ghorofa za juu zilikuwa zimeongezwa bila kibali halali, na jengo lililokusudiwa maduka na ofisi lilibebeshwa viwanda vya nguo pamoja na mashine na majenereta yake. Nyufa zilionekana siku moja kabla, na watu wakaambiwa warudi kazini. Uimara wa msingi haupimwi kwa macho ya fundi. Mhandisi apige hesabu ya mzigo mpya, upeleke michoro mipya, ndipo upandishe. Ni hivyohivyo ukitaka kugeuza nyumba ya kuishi iwe ghala au kiwanda.

*Ukuta wa uzio nao unahitaji kibali?*

Inategemea urefu na mahali ulipo. Uzio mfupi husamehewa sehemu nyingi, wa kando ya barabara mara chache. Ukuta unaozuia udongo usiporomoke ni habari nyingine. Huo unabeba mzigo, mwone mhandisi.

*Jirani ameandika barua ya kupinga ombi langu. Nimkabili?*

Kwanza omba ofisini nakala ya barua, au usomewe hoja zake. Nyingi huhusu maji ya mvua, dirisha linalotazama uani kwake, au mpaka. Mbili za kwanza mara nyingi humalizwa na mabadiliko madogo ya mchoro, na ya mpaka humalizwa na mpima ardhi mbele yenu wote wawili. Mkikubaliana, muandike na msaini, karatasi iingie kwenye faili.

*Kuna mtu anasema atanipatia kibali wiki hii bila mimi kufika ofisini. Nimwamini?*

Usimpe hati yako hata kwa siku moja. Kibali cha kweli kina namba inayoonekana kwenye daftari la ofisi, na michoro yake inabaki kwenye faili huko. Karatasi ya mtu huyo inaweza kuwa na muhuri unaofanana na ule halisi huku daftarini hakuna kitu, na siku ya kusimamishiwa ujenzi atakayesimama mbele ya mkaguzi ni wewe.

*Nilipata kibali zamani, fedha zikaisha, sijajenga. Bado kinafanya kazi?*

Tazama tarehe na masharti yake. Vibali vingi hufa usipoanza ndani ya muda uliowekwa, au ukiacha kazi kwa muda mrefu. Kama muda haujaisha, omba nyongeza kwa maandishi mapema. Kama umeisha, nenda na michoro ile ya zamani uulize ni kanuni zipi zimebadilika tangu wakati ule, urekebishe hizo, kisha uombe upya.