Namna ya Kuandaa Likizo Tulivu ya Familia katika Nyumba ya Mbao Mlimani

Familia nyingi hurudi kutoka likizo ya mlimani zikiwa zimechoka kuliko zilivyokwenda. Mara nyingi chanzo si urefu wa safari, bali ni kwamba kila siku ilijazwa shughuli, huku kazi za nyumbani zikihamishiwa mlimani pamoja na mtu yule yule ambaye huzifanya mwaka mzima. Anayetaka juma la kiangazi limpumzishe kila mmoja, mzazi na mtoto, hana budi kupanga mapumziko yenyewe kwa makini ule ule anaoutumia kupanga usafiri.

Jambo la kwanza la kuamua ni kimo. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo nyumba iliyoko kati ya mita 1,500 na 2,000 inatosha kabisa kuikimbia joto ya bondeni. Kuanzia mita 2,500 hivi, uhaba wa oksijeni huweza kuleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi, na mtoto mdogo asiyeweza kujieleza atalia tu bila wazazi kujua kinachomsumbua. Mandhari ya juu huvutia, lakini kwa familia yenye watoto wadogo au wazee ningechagua kimo cha kati bila kusita. Wanaolazimika kwenda juu zaidi walale kwanza usiku mmoja au miwili njiani, na ikiwa hali ya mtu inazidi kuwa mbaya, tiba ya kwanza ni kumteremsha.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye nyumba maswali yasiyoonekana kwenye picha: maji yanatoka wapi, gari linafika mlangoni au mizigo itabebwa, simu inashika mtandao, na iwapo kuna kifaa cha kutambua gesi ya kaboni monoksidi. Swali hili la mwisho si la kupuuzwa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, hutokana na moto usiopata hewa ya kutosha, na imewaua watu wakiwa usingizini. Hakikisheni bomba la moshi halikuzibwa na viota vya ndege, wala msiingize ndani jiko la mkaa kwa ajili ya kujipasha joto, hata kama dirisha limeachwa wazi.

Kuhusu mizigo, wengi hudanganywa na neno kiangazi. Usiku wa mlimani huwa na baridi hata katika mwezi wenye joto kuliko yote, kwa hiyo kila mtu abebe nguo za kuvaa moja juu ya nyingine, kofia ya kufunika masikio na koti lisilopenya mvua. Mchana hali hugeuka: miale ya urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana kwa macho, huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na ngozi huungua hata upepo unapokuwa baridi. Kofia pana, miwani ya jua na krimu ya kujikinga vitumike tangu siku ya kwanza.

Pangeni kufika kungali na mwanga. Wakati gari linapanda, wape watoto maji ya kunywa kidogo kidogo, kwa kuwa kumeza husaidia masikio yasiume. Mkifika, fungueni madirisha yote kabla ya kushusha mizigo. Mkikuta mavi ya panya, msiyafagie yakiwa makavu, kwa sababu vumbi lake huweza kubeba magonjwa. Yanyunyizieni dawa ya kuua vijidudu, msubiri dakika chache, kisha myafute kwa kitambaa na kukitupa.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo lenyewe, nacho ni mgawanyo wa kazi. Familia ikutane siku chache kabla ya safari, na kila mmoja, hata mtoto wa miaka sita, ataje kitu kimoja tu anachotamani kukifanya mlimani na kazi moja atakayoibeba. Mtoto anaweza kukusanya vijiti vya kuwashia moto au kupanga vijiko mezani. Watu wazima wapokezane jiko, na kila mmoja apate angalau siku moja nzima ambayo hapiki, haoshi vyombo wala haulizwi soksi ziko wapi. Mara nyingi mama ndiye hunyimwa siku hiyo, na yeye ndiye aliyeihitaji zaidi. Mapishi yawe mepesi ya chungu kimoja, kwa kuwa katika mita 2,000 maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100, na jamii ya kunde huchelewa sana kuiva isipolowekwa tangu usiku.

Siku ya kwanza msiende popote; mwili unahitaji kuzoea hewa, na watoto wanahitaji kuijua nyumba. Baada ya hapo, matembezi yafanyike siku moja na kuachwa siku inayofuata. Mtu mzima mwenye nguvu hutembea kilomita 5 kwa saa, na huongeza saa moja kwa kila mita 600 anazopanda. Mkiwa na watoto, uzidisheni muda huo mara mbili. Ondokeni alfajiri, kwa kuwa milimani mvua za radi za kiangazi hupenda kuja alasiri. Ikiwa kati ya kumweka kwa radi na kusikika kwa ngurumo hazipiti sekunde 30, radi iko karibu: teremkeni kutoka kileleni au mgongoni mwa mlima, msijifiche chini ya mti uliosimama peke yake, na mkishapata hifadhi subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Maji ya kijito, hata yakiwa maangavu kama kioo, yachemsheni kwa dakika moja, au dakika tatu mkiwa juu ya mita 2,000. Jioni wakagueni watoto kwapani, nyuma ya magoti na nyuma ya masikio, ambako kupe hupenda kujificha.

Simu moja iachwe ikiwa na chaji kwa ajili ya dharura, na nyingine zifungiwe kabatini mpaka saa mtakayokubaliana. Watoto watalalamika kwamba wamechoshwa na ukimya. Msikimbilie kuwatafutia burudani. Nimeona mara nyingi kwamba mtoto anayeachwa na malalamiko yake huanza mwenyewe kujenga bwawa la mawe kijitoni au kuwafuatilia siafu kwa saa nzima, na hapo ndipo mzazi naye hupata muda wa kukaa barazani bila kufanya lolote. Usiku, kama sheria za mahali na ukavu wa majani vinaruhusu moto wa nje, usimulieni hadithi kando yake, lakini kabla ya kulala umwagieni maji, mkoroge majivu, na kumwagia tena mpaka yawe baridi.

Usafi wa kuondoka ufanyike jioni ya kuamkia safari ili asubuhi ibaki ya chai na kuaga. Katika kuteremka, dereva atumie gia ndogo badala ya kukanyaga breki mfululizo, kwani breki zikipata moto sana hupoteza nguvu. Na mkiweza, rudini nyumbani siku moja nzima kabla ya kazi na shule kuanza, ili nguo zifuliwe taratibu na watoto walale mapema.