Mtoto anataka vifaranga? Soma hii kabla hujaenda kununua

Watoto wakishaona vifaranga sokoni ujue imeisha, hutoki pale bila boksi mkononi. Na mimi sioni ubaya, kuku ni mnyama mzuri kwa mtoto kuliko watu wanavyomchukulia, anamjua anayemlisha, anamfuata uani, ukimzoesha mapema anakuja mwenyewe kukaa mapajani. Shida ni kwamba vifaranga wengi wanaonunuliwa hivi wanazikwa kabla wiki haijaisha, na watu wanasema aah walikuwa wagonjwa hao. Mara nyingi hamna ugonjwa wowote, ni baridi ya usiku tu. Ndio maana hapa nitakaa sana kwenye joto, mengine nitayapitia haraka haraka.

Kwanza usinunue mmoja. Kifaranga wa peke yake analia mchana na usiku mpaka mnachokana humo ndani, chukua wanne au watano wa umri mmoja. Na msichukue broila jamani, najua ndio rahisi kupata lakini yule katengenezwa kwa ajili ya nyama, wiki ya sita tayari mzito miguu inamshinda na mtoto kashampa jina. Chukueni kienyeji au chotara kama Kuroiler na Sasso. Pale unaponunua mgeuze umwangalie: macho yamefunguka vizuri, kitovu kimekauka na kujifunga, anasimama mwenyewe, na huku nyuma hajaganda kinyesi. Kama wametoka kuanguliwa na wamesafiri kwenye basi bila kula usipaniki, wanakuwa bado na kiini cha yai tumboni kinachowasogeza siku mbili hivi. Wakifika tu wape maji ya uvuguvugu yenye glukosi kidogo, chakula baadaye.

Makazi yao ni boksi kubwa la kadibodi au beseni pana, chini unamwaga maranda ya mbao. Narudia maranda, sio lile vumbi laini la mbao maana wanalila likawaziba. Gazeti tupu nalo linateleza, kifaranga anakua miguu imetanuka pembeni. Siku mbili tatu za mwanzo unaweza kutandika kitambaa chakavu juu ya maranda mpaka wajue chakula ni kipi na kitanda ni kipi.

Sasa joto. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35 pale wanapolala, halafu kila wiki unashusha kama nyuzi 3 mpaka manyoya yameota kamili, wiki ya tano au ya sita. Huhitaji kipimajoto, hao wenyewe ndio kipimajoto. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali wana baridi, wakikimbilia kwenye kuta za boksi midomo wazi mabawa wameyaachia joto limezidi, wakiwa wametawanyika wengine wanakula wengine wamelala, hapo hapo usiguse kitu. Kurundikana ndiko kunakoua, kwa sababu wanapandana na wa chini wanakosa hewa, asubuhi unakuta watatu wamelaliwa.

Taa iwe zile globu za zamani za waya, wati 60 inatosha kwa boksi la vifaranga watano. Hizi taa za kisasa za kuokoa umeme zinaangaza tu, hazina joto, na watu wengi ndio wanapopotelea hapo, taa inawaka usiku kucha na vifaranga wanakufa na baridi wanajiona. Ining'inize upande mmoja wa boksi, sio katikati, ili aliyesikia joto apate pa kukimbilia, na ifunge imara kabisa maana ikidondokea kwenye maranda huo ni moto. Umeme ukikatika unajaza maji ya moto, sio yanayochemka, kwenye dumu la lita 5, unalifunga na kanga nzito unaliweka humo ndani, wanajibana nalo mpaka asubuhi ila katikati ya usiku lazima mtu aamke abadilishe maji. Jiko la mkaa wengi wanatumia, mimi kwa nyumba ambayo watu wamelala nalikataa kabisa, ile hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua watu, achilia mbali kuku. Wa Dar mchana wa Januari mnaweza kuzima taa kabisa, lakini wa Njombe na Mbeya mwezi wa saba hata mchana msithubutu.

Maji weka kwenye chombo kifupi na utie vijiwe ndani, kifaranga anazama kwenye kisahani kabisa. Badilisha mara mbili kwa siku kwa sababu wanayanyea. Chakula ni kile cha kuanzia cha vifaranga mpaka wiki ya nane, usiwape cha kuku wa mayai, kina chokaa nyingi inayoharibu figo zao. Pumba yenye ukungu tupa, usimwonee huruma aliyekuuzia. Kuanzia wiki ya pili unaweza kuwakatia mchicha mdogo mdogo, na ukishaanza majani wawekee na mchanga kidogo, hawana meno, mchanga ndio unasaga. Ukiona mmoja kaganda kinyesi huku nyuma usikivute, loweka na pamba yenye maji ya uvuguvugu, mkaushe vizuri kabla hujamrudisha. Wakianza kuharisha damu kimbia duka la dawa za mifugo siku hiyo hiyo, hiyo haisubiri kesho.

Chanjo watu wa kuku wachache wanairuka, eti vifaranga wanne tu. Kideri hakijali ni wanne au mia nne, kikiingia mtaani kinafagia wote. Utaratibu wa kawaida ni kideri siku ya 7, gumboro, ugonjwa mwingine unaoua vifaranga, siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro ya kurudia siku ya 28, na ndui wakifika wiki ya sita mpaka ya nane. Vichupa vinauzwa vya kuku wengi kwa hiyo ongeeni na majirani mchange, mchanje siku moja, maana ikishachanganywa inatakiwa iishe ndani ya masaa mawili hivi. Kama ni ya kunywesha tumia maji ya mvua au ya kisima, haya ya bomba yana dawa inayoua chanjo yenyewe.

Upande wa watoto sheria ni chache ila ziwe kali. Kumshika ukiwa umekaa chini, mikono miwili, dakika chache kisha anarudi kwenye joto. Hakuna kumbusu, hakuna kumpandisha mezani, na kunawa kwa sabuni kila mara kwa sababu kuku mzima kabisa anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na wa chini ya miaka mitano wanaumia zaidi. Wakianza kutoka uani mtu mzima awepo, kunguru wa Dar hawana masihara na paka wa jirani anakuwa ameshakaa anasubiri.

Jambo la mwisho liongeeni kabla hamjanunua, na mtoto awepo. Wengi wanauzwa mchanganyiko, kwa hiyo tegemea majogoo, wiki ya sita mpaka ya nane utaona upanga wa kichwani umeanza kuwa mwekundu na mkubwa kuliko wa wenzake. Kama kwenu jogoo anaishia kwenye pilau ya sikukuu mwambieni sasa hivi, sio siku hiyo asubuhi anamtafuta. Kama haliwi, tafuteni mapema wa kubadilishana naye jogoo kwa tetea. Na mnaoishi nyumba za kupanga muulizeni mwenye nyumba kwanza, kwa sababu jogoo akianza kuwika saa kumi alfajiri dirishani kwa mpangaji mwenzako hamna maelezo yatakayoeleweka.