Somo: Kuchagua upondo mwepesi wa kuoshea madirisha, kwa mtu wa kazi ya kila siku

Habari za saa hizi wakuu. Wiki hii watu watatu wameniuliza kitu kilekile, "kaka ninunue upondo gani", naona bora niandike mara moja niachane na kurudiarudia. Mimi niko Reading, Uingereza, naosha madirisha ya nyumba za watu mwaka wa saba huu, nyumba kumi mpaka kumi na mbili kwa siku, mvua ya rasharasha hainirudishi nyumbani. Kwa hiyo hapa naongelea chombo cha kushika kutwa nzima, sio cha kuosha dirisha la kwako mara moja kwa Idi.

Kwa asiyeijua hii kitu: ni fito ndefu inayochomolewa kama antena ya redio, juu ina brashi, ndani yake unapita mpira mwembamba unaoleta maji yaliyochujwa, unasugua, unasuuza, unaacha kioo kikauke chenyewe. Hakuna skwiji (kile kifutio cha mpira cha kukokotea maji kwenye kioo), hakuna kitambaa, wewe miguu yako iko chini. Wenyeji wana jina lao refu, water-fed pole, ila mimi mtu wa Pangani nimekua naona watu wanasukuma mitumbwi kwa upondo, na siku ya kwanza nimeshika hili dude nikaona kazi ni ileile ya mabega, jina likanikaa mdomoni.

Hatua ya 1: Pima nyumba zako kwanza, upondo baadaye

Kosa langu la kwanza ndo kosa la kila mtu. Nilinunua wa mita 10, wa faiba (nyuzi za kioo), kwa sababu nilipigia hesabu bei kwa mita nikaona nimeula. Wiki ya tatu asubuhi mkono hauinuki, mke wangu ndo ananivalisha shati huku anacheka. Kumbe nyumba zangu karibu zote ni za chini na juu tu, ukingo wa dirisha la juu uko kama mita 5 kutoka ardhini, na upondo wa mita 6 unafika na unabakiza. Zile mita nyingine nilikuwa natembea nazo bure, pingili za chini, yaani vile vipande vinavyochomolewa, zimebaki zimelala ndani ya mwenzake na hizo ndo nene na ndo nzito kuliko zote.

Kwa hiyo chukua daftari, pita mitaa yako, hesabu. Kama nyumba tisa kati ya kumi ni za dirisha la mita 5, nunua wa mita 6, na ile moja ya kumi ama utafute upondo wa pili siku hela ikiruhusu ama umwachie mwenzio. Kuna pondo ambazo pingili za chini zinachomoka kabisa unaziacha kwenye vani, hizo ni nzuri ila hakikisha unaweza kuzichomoa bila bisibisi, mtu wa kazi hana muda wa kufungua skrubu barabarani.

Hatua ya 2: Kitu umetengenezwa nacho

Alminiamu: bei rahisi, mzito, unapitisha umeme, ukipinda umepinda. Pita.

Faiba: unavumilika, haukwaruziki ovyo, unafaa kwa anayejaribu kazi au wa kazi za chini tu. Ukifika juu unanesa kama mnazi mchanga.

Mchanganyiko wa faiba na kaboni (nyuzi za kaboni): hapa ndo wengi wanadanganyika, kwa sababu rangi ni nyeusi kama kaboni na muuzaji anasema "una kaboni". Uliza una kaboni kiasi gani.

Kaboni kamili: mwepesi na mkakamavu, bei inaweza kufika mara mbili ya faiba au zaidi. Kwa kazi ya kila siku nakushauri ujibane ufike hapa. Kuna na kaboni ya daraja la juu zaidi ambayo ni ghali mno, ile ni ya watu wanaofika mita 12 na kuendelea, kwa mita 6 unalipia sifa tu.

Hatua ya 3: Pima uzito utakaoubeba, achana na ulioandikwa kwenye boksi

Hapa naomba mtulie, ndo sababu ya somo lote.

Ule uzito wa kwenye boksi ni wa upondo mkavu, bila brashi, bila mpira, bila maji. Mimi nilipoenda kununua huu wa sasa nilibeba ile mizani ya kuning'inizia masanduku ya safari (kila mtu wa ughaibuni anayo, ile ya kuhakikisha kilo 23 hazijazidi). Jamaa dukani aliniangalia kama nimechanganyikiwa. Nikaning'iniza upondo mtupu, kilo 1.6, sawa na boksi. Nikamwambia weka brashi, weka shingo ya kuikunja brashi, pitisha mpira, jaza maji. Kilo 2.5! Karibu kilo nzima imetoka kwenye vitu ambavyo hakuna aliyenitajia.

Maji yenyewe hesabu yake rahisi. Mpira wenye tundu la milimita 5 unabeba gramu 20 hivi za maji kila mita moja, kwa mita 6 ni gramu 120. Wenye tundu la milimita 8 ni gramu 50 kila mita, mita 6 ni 300. Na nimeona mtu kapitisha mpira wa bustani wa nusu inchi ndani ya kaboni ya bei mbaya, hapo maji peke yake yanakaribia robo tatu ya kilo, na mpira wenyewe bado! Yaani umelipa mamia ya paundi kununua wepesi halafu unaujaza maji urudi uzito wa faiba.

Halafu kuna uzito wa nchani, huo ni mbaya kuliko wote. Gramu 200 zikiwa karibu na mkono huzijui. Zikiwa mita 6 juu na upondo umesimama wima pia huzijui. Sasa mwenye nyumba kapanda maua mbele ya dirisha, ikabidi usimame mbali uulaze, weee, zile gramu 200 zinageuka mtu amening'inia kwenye bega lako. Kwa hiyo brashi ya kila siku iwe ya sentimita 25 mpaka 30, nailoni, mgongo wa plastiki mwepesi, tundu mbili za maji zinatosha. Zile pana za nusu mita ni za madirisha ya maduka. Na Waislamu wenzangu niwaambie mapema, kuna brashi za manyoya ya nguruwe, zinasugua uchafu mgumu vizuri na kuna watu wanazisifia sana, lakini soma maandishi kabla hujanunua, na pia zinanyonya maji zinakuwa nzito.

Hatua ya 4: Utazame unavyonesa

Uchomoe mpaka urefu utakaoutumia, brashi ikiwa juu, usimamishe, halafu upeleke mbele na nyuma kama unasugua. Mkono ukisimama angalia brashi inaendelea kucheza kwa muda gani. Ikichezacheza mara tatu nne kabla ya kutulia, kila sugua moja unafanya kazi mbili, kusugua na kuutuliza. Kuna pondo nyepesi sana ambazo ukuta wake umepunguzwa mpaka zimekuwa laini, zinanesa kuliko nzito, hizo wepesi wake ni wa kwenye mizani tu. Mimi bora gramu 200 zaidi kwenye pingili za chini ila ncha itulie.

Shika pia pale unaposhikia. Mkono mdogo na bomba nene havipatani, ukishika kitu ambacho vidole havikutani siku nzima, jioni kiganja kimekakamaa.

Hatua ya 5: Klampu na spea

Klampu, vile vibano vinavyofunga pingili zisirudi ndani, ziwe za kubana kwa kidole na ziwe na skrubu ya kurekebisha zikilegea. Fungua na funga kila moja mara kumi pale pale dukani, usione aibu. Ulizia kama pingili moja moja zinauzwa, makampuni yenye jina kama Gardiner na Unger spea zao zinapatikana, hizi za majina yasiyojulikana ikivunjika pingili moja umebaki na fimbo ya kuchungia. Na mchanga ukiingia usipake mafuta tafadhali, pingili zitateleza upondo ukiwa juu. Chomoa, suuza kwa maji, futa.

Hatua ya 6: Umeme

Kaboni inapitisha umeme. Alminiamu inapitisha umeme. Faiba ikilowa na kuchafuka usiiamini. Kabla hujachomoa pingili hata moja tazama juu, waya ziko wapi, na utazame tena ukihamia upande wa pili wa nyumba. Huku waya nyingi za mitaani zimefukiwa ndo maana watu wanajisahau, ila vijijini zipo juu. Pakiwa na waya karibu nyumba hiyo naosha za chini kwa skwiji, za juu naziacha, na mwenye nyumba namwambia kwa nini.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Sinza: Kaka shukrani kwa somo. Mimi nipo Dar nafanya usafi wa maofisi, naweza kutumia maji ya kisima moja kwa moja? Chujio ni hela nyingi.

Jibu: Mdogo wangu utajuta. Visima vingi vya Dar vina chumvi, ukiacha kioo kikauke na maji yale utaona madoa meupe kama umemwagia chokaa, mteja hakuiti tena. Nunua kwanza kile kipimo kidogo cha TDS, hakina bei, ndo kitakuambia maji yako yana chumvichumvi kiasi gani. Mimi bomba la hapa Reading linasoma mia tatu na kitu na birika linaota ukoko mweupe, nayachuja mpaka isome 0, ikivuka 10 nabadilisha rezini (zile punje za kwenye chujio zinazonasa chumvi). Maji yako yakisoma elfu na kuendelea, rezini peke yake itakufilisi, inabidi yapite kwanza kwenye mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba na kuacha chumvi nyingi nyuma. Kwa kuanzia kinga maji ya mvua msimu wa masika, acha mvua ya kwanza ioshe bati, yachuje takataka, yapime. Mara nyingi utashangaa yalivyo mazuri.

Mama Zuhura: Samahani kaka, mimi nipo Northampton, mfupi, sentimita 155, na nina bega linauma tangu kazi ya kea homu (nyumba ya kutunzia wazee). Nitaweza kweli?

Jibu: Dada utaweza, ila usikurupuke. Chukua kaboni wa mita 6, usivuke hapo. Uangalie na urefu wake ukiwa umefungwa wote, nyingine zinabaki mita 1.8, ndefu kuliko wewe, madirisha ya chini zitakusumbua, tafuta unaobaki mita 1.5 hivi. Kazi ya kusugua ifanye kwa kwenda mbele na nyuma na miguu yako, sio kuinua mabega, mikono ibaki chini ya kidevu. Na badilisha upande, nyumba hii mkono wa kulia juu, nyumba inayofuata wa kushoto juu. Wiki mbili za kwanza utajiona mjinga, baadaye unazoea. Ila bega likikuamsha usiku muone daktari kwanza, kaboni sio dawa.

Otis_Kilimani: Mzee, kwani nikichukua ile fito ya mop ya kuvutika, nifunge paipu na brashi ya gari, si ni the same tu? Budget iko chini sana.

Jibu: Kwa ghorofa ya chini fanya tu, nani atakukataza. Ukitaka kupanda juu zaidi haitakubali, fito za mop hazijatengenezwa kubeba mzigo nchani, inapinda pale kwenye kiungo, na nyingi ni alminiamu, rudi usome hatua ya 6. Afadhali faiba iliyotumika.

Fundi Vioo: Hapo kwenye iliyotumika, nimeona mtu anauza kaboni nusu bei. Nakagua vipi?

Jibu: Swali zuri. Chomoa kila pingili itoke kabisa, ukatae kukagua ikiwa imefungwa. Pitisha kitambaa juu yake, sio kiganja, vijiti vya kaboni vikiingia kwenye ngozi ni balaa kuvitoa, kitambaa kikinasa hapo pana ufa. Halafu chukua sarafu ugonge polepole kuanzia juu mpaka chini, mlio uwe mmoja, mkali. Ukifika mahali mlio unafifia kama unagonga boksi la karatasi, tabaka zimeachana ndani, siku yoyote inavunjika. Mwisho uzisimamishe zote na utikise, zikigongana sana kwenye viungo zimelika. Pingili moja mbovu sio mwisho wa dunia, toa bei ya spea kwenye bei yake.

Bint Mutrah: Kaka, huku Muscat jua kali na vumbi kila siku, upondo mweusi haushikiki saa nne tu. Na maji yanakauka kabla sijasuuza.

Jibu: Kaboni juani inapata moto kweli, vaa glavu nyembamba na usiuache umelala juu ya paa la gari. Fuata kivuli, asubuhi anza upande wa magharibi wa nyumba, jioni upande wa mashariki. Vumbi lioshwe kwa maji kwanza kabla brashi haijagusa, ukisugua vumbi kavu unachora kioo. Halafu kuna kitu mnacho bure huko, maji yanayodondoka kwenye eesii. Kinga ndoo moja uyapime, mengi chumvi yake ni ndogo mno. Hayatoshi kazi ya siku nzima, ila kwa suuza ya mwisho yanasaidia.

Mzee Skwiji: Hizi ni mbwembwe. Skwiji na ngazi kioo kinang'aa zaidi. Na hata hivyo si serikali huko imepiga marufuku ngazi?

Jibu: Haijapiga marufuku mzee wangu, kanuni za kufanya kazi mahali pa juu za mwaka 2005 zinasema kama kazi inaweza kufanyika ukiwa chini basi fanya ukiwa chini, ngazi bado inaruhusiwa kwa kazi fupi. Kuhusu kung'aa nakubali nusu: dirisha ambalo halijaoshwa miaka, fremu ina ukungu, skwiji inashinda mara ya kwanza. Kwa mara ya pili na ya tatu njoo Reading tushindane, wewe na ngazi yako mimi na upondo wangu, anayemaliza wa mwisho anapika pilau.