Kunyoosha shafti ya dizeli ya polepole kwenye boti ya mbao

Dizeli ya kizamani yenye mizunguko 600 hadi 800 kwa dakika inazifaa sana boti nzito za mbao kama zile za Kibirizi, bandari ya Ziwa Tanganyika karibu na Kigoma, kwa kuwa ina nguvu ya kuzungusha propela kubwa bila haraka. Ila mapigo yake ni mazito. Lister CS 6/1, mojawapo ya dizeli hizo, ina silinda moja tu, na kwenye mizunguko 650 hupiga zaidi ya mara 5 kwa sekunde. Shafti (fimbo ya chuma inayozungusha propela) isiponyooka na injini, kila pigo linakula bushi, linalegeza bolti na kuchosha mihimili.

Kazi hii haifanywi boti ikiwa mchangani. Mbao hulowa na kutanuka, mkuku nao hubadili mkao boti inapobebwa na maji. Iteremshe ziwani, weka mafuta, betri na vitu vizito mahali pake pa kawaida, kisha subiri angalau siku mbili.

Fungua bolti za kaplingi (kiungo cha nusu mbili kinachounganisha shafti na injini) na uirudishe shafti nyuma kidogo. Ncha yake italegea chini kwa uzito, na hapa ndipo mafundi wengi wanapodanganyika: wanashusha injini kuifuata shafti iliyoinama. Inyanyue ncha hiyo kwa mizani ya kuning'iniza, kwa nguvu sawa na nusu ya uzito wa kipande kinachoning'inia pamoja na uzito wote wa nusu kaplingi yake. Itegemeze hapo kwa kabari.

Sasa kutanisha nyuso mbili za kaplingi. Zinapaswa kuingiana bila kulazimishwa. Pima mwanya kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) juu, chini, kushoto na kulia. Tofauti isizidi milimita 0.1 kwa kila milimita 100 za kipenyo. Kaplingi ya milimita 150 inaruhusiwa 0.15 tu. Zungusha shafti peke yake nusu mzunguko, upime tena. Mwanya ukihama pamoja na shafti, shafti imepinda au kaplingi yake haijakaa sawa. Usiguse injini kwanza. Mwanya ukibaki palepale, injini ndiyo isogezwe.

Kanuni ni hii: pua ya injini (ncha yake ya mbele) ifuate upande wenye mwanya. Mwanya ukiwa chini, shusha miguu ya mbele. Ukiwa kushoto, sogeza pua kushoto. Nyongeza ndogondogo, na upime kila mara, maana kukaza bolti za miguu pia huhamisha vipimo. Chini ya miguu weka vibati vya chuma. Vipande vya mbao au mpira wa tairi hubonyea, na ndani ya wiki chache mwanya umerudi.

Ukishafunga, endesha kwa muda wa saa 10 halafu pima upya. Glandi (kizuizi cha maji pale shafti inapotoka botini) idondoshe matone mawili matatu kwa dakika shafti ikizunguka. Ikiwa kavu na ya moto mkononi, legeza nati zake robo mzunguko, kwa usawa pande zote, kabla paking (kamba ya kuzibia iliyo ndani yake) haijaanza kuchimba shafti.