Namna ya kumuelezea shangazi wa mwani jinsi jeni inavozimwa

Shangazi yangu analima mwani Jambiani, Zanzibar, na kila nikimtajia saratani ya ngozi ananambia "mie nshazowea jua mwanangu". Maneno ya kitabuni yaligoma kabisa, kilochonisaidia ni kamba yake mwenyewe.

Chukua kamba ya mwani na kigingi. Kamba ndo DNA, uzi wenye maagizo ya mwili, na jeni ni kipande chake chenye agizo moja; kila seli ina kama mita 2 za hiyo kamba kwahiyo lazima izongwe kwenye vigingi vidogo vidogo vya protini, vinaitwa histoni. Mwambie aizonge ikaze, halafu afunge mwani palepale palipozongwa. Hawezi. Ailegeze sasa, anaweza. Jeni nayo hivohivo, ikikazwa seli haiisomi japo ipo na haijakatika popote. Hapa usikimbie, kaa napo, maana wengi tunadhani saratani mpaka jeni iharibike kumbe nyengine nzima ila imezimwa tu.

Kisha zile taitai, vikamba vya kufungia mwani. Funga nyingi mahala pamoja, hizo ndo methili, vikemikali vidogo vinavojibandika kwenye DNA, zikijazana mwanzoni mwa jeni basi jeni inanyamaza. Mpe mfano mmoja tu: CDKN2A, breki ya kuzuia seli zisigawike ovyo. Kwenye melanoma, saratani ya ngozi iliyo kali, breki hii mara nyengine inakutwa imefungwa hivo (na mara nyingi imekatika kweli, usimdanganye).

Wangu akauliza papo hapo, "sasa fundo si linafunguka?" Nikacheka, ndo swali lenyewe hilo! Linafunguka. Marekani waliruhusu dawa ya vorinostat mwaka 2006, inafanya kamba ilegee kwenye vigingi, ila ile ni ya limfoma ya ngozi (saratani ya seli za kinga), siyo melanoma, asije akaiulizia famasi.

Na hapa nilikosea mie: kumhubiria jua. Wenye ualbino ndo jua adui wao khasa, kofia na mikono mirefu bila ubishi. Ila sie weusi melanoma inapenda kutokea wayoni, viganjani na chini ya kucha, jua halifiki huko. Bob Marley ilimuanzia kidole cha mguu, akafariki 1981. Kwahiyo mwambie aoshe miguu aigeuze mwangani, doa jeusi linalotanuka au kidonda kisichopona ni hospitali, hata kama hakiumi.

Wangu alikuwa na kidoa cheusi kisigino cha kulia. Akasema mwiba wa baharini, nikakipiga picha na simu, baada ya wiki tatu hakipo.