Kamba ya mita 8: kufundisha matukio yaliyogeuza dunia ukiwa Kigoma

Mwanafunzi anaweza kukariri tarehe 50 na bado asijue ni ipi iliyobadilisha mambo. Kamba ya miaka, yaani kamba ya ukutani yenye alama za miaka na kadi za matukio, inamlazimisha aone nini kilitangulia, nini kilifuata, na kilichukua muda gani kufika hapa ziwani.

Tafuta kamba ya katani mita 8, misumari miwili, vibanio 12 vya nguo, kadi 12 za manila za sentimeta 10 kwa 15, kalamu za wino mzito (makapeni) na futi ya fundi cherehani. Nailoni iache, inavutika. Kaza kamba ukutani kwanza, ndipo upime. Ukipima ikiwa imelala chini, ikikazwa inarefuka na miaka yote inahama. Usiweke alama kwa mafundo, maana kila fundo linakula kamba. Tumia nyuzi za rangi.

Acha sentimeta 45 kila upande. Alama ya sifuri ni Januari 1860, na kila mwaka ni sentimeta 5, hivyo mwisho wa 2001 unaangukia sentimeta 710. Kupata mahali pa tukio, toa 1860 kwenye mwaka wake, zidisha kwa 5, kisha ongeza milimita 4 kwa kila mwezi uliokwisha. Agosti 1945: 85 mara 5 ni 425, na miezi saba iliyokwisha inakupa karibu 428.

Nyuma ya kila kadi yaandikwe majibu ya maswali matatu. Nani alikuwa na nguvu kabla, na nani baada? Mpaka, sheria au bei gani ilibadilika? Athari yake ilifikaje Kigoma? Swali la tatu lisipokuwa na jibu la kweli, nafasi ibaki tupu. Sheria ya mafao ya uzeeni ya Marekani ya 1935 ni tukio kubwa kwao, lakini kulifungia uhusiano na Ujiji hapa Kigoma ni kuwadanganya watoto.

Kadi ya kwanza ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Aprili 1861. Hapa jibu la tatu lipo: kitambaa cha merikani kutoka viwanda vya kaskazini mwa Marekani kilitumika kama fedha kwenye misafara ya Tabora na Ujiji. Pamba ya kusini ilipozuiwa, kitambaa kikaadimika na bidhaa za Uingereza na India zikachukua nafasi.

Tumia muda mrefu zaidi kwenye sentimeta 270 hadi 310. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma Februari 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Meli Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa na kuunganishwa upya Kigoma, ikaingia majini 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe walipokuwa wakiondoka. Waingereza waliiibua 1924 na ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigoma, kisha Tabora Septemba 19, 1916. Wapeleke wanafunzi kwenye jengo la stesheni na bandarini kabla ya kuandika kadi hii, si baada.

Kisha weka Marekani mahali pake. Iliingia vitani Aprili 6, 1917. Rais Wilson alitoa hoja zake 14 za amani Januari 1918, lakini Novemba 1919 Seneti yake ikakataa Mkataba wa Versailles wa kumaliza vita, na Marekani haikujiunga kamwe na Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa. Uingereza na Ubelgiji zikagawana koloni la Wajerumani: Ruanda na Urundi zikabaki kwa Wabelgiji, Kigoma ikakabidhiwa kwa Waingereza 1921. Mpaka huo ndio unaopitwa leo kwenda Burundi.

Tarehe mbili huwakoroga wengi. Mapinduzi ya Urusi yanaitwa ya Oktoba, lakini kwa kalenda yetu ni Novemba 7, 1917. Shambulio la Pearl Harbor ni Desemba 7, 1941 huko Hawaii, na Japani ilikuwa tayari Desemba 8. Andika tarehe ya mahali tukio lilipotokea, kwa kalenda yetu.

Anguko la soko la hisa la New York, Oktoba 1929, liwe kwenye sentimeta 349. Usiishie Marekani: bei ya mkonge, zao kuu la Tanganyika, nayo ilianguka.

Mwaka 1954 utakupa shida ya nafasi na ya fikra. Mei 17 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kutenganisha wanafunzi kwa rangi katika shule za umma kunavunja katiba. Julai 7 TANU, chama cha kudai uhuru wa Tanganyika, ikaundwa. Kati yake ni milimita 7 tu, kwa hiyo moja ining'inie chini ya nyingine. Waambie waziwazi kwamba kukaribiana si kusababishana. Kosa hili ndilo tunaloliona zaidi kwenye majibu ya mitihani.

Vita Baridi ina kadi ya hapa hapa: Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara na wapiganaji wa Kyuba walivuka ziwa kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo, na Novemba wakarudi wameshindwa. Agosti 1971, dola ilipoacha kubadilishwa kwa dhahabu, na Novemba 1989, Ukuta wa Berlin ulipoanguka, zinatosha kwa dakika tano kila moja.

Kwa kupima uelewa, toa kadi ya 1945, mwisho wa Vita Kuu ya Pili, na umwulize mwanafunzi njia kutoka hapo hadi Desemba 9, 1961. Alama kamili apewe anayepitia katikati: Tanganyika kuwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa 1946, ujumbe wa ukaguzi kuja nchini, Nyerere kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini New York Machi 1955, mkutano wa TANU Tabora Januari 1958 kukubali uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alimchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Anayeandika tu kwamba Umoja wa Mataifa uliundwa ndipo tukapata uhuru, mpe nusu na umrudishe kwenye kamba.