Namna ya kuomba ufadhili wa Chevening ukiwa Kigoma

Ikifika mwanzoni mwa Agosti, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Dada, dirisha limefunguliwa, nianzie wapi?" Wengi ni vijana wa Kasulu, Ujiji na Uvinza, wana shahada ya kwanza na kazi wanayo. Jibu langu huwakera kidogo. Nawaambia waanze na sanduku la vyeti lililo chini ya kitanda cha mama, laptopu itafuata. Mimi nilianza na laptopu, nikakosa. Mwaka uliofuata nilianza na sanduku.

Kwa asiyeijua, Chevening ni ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983. Unalipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja: ada ya chuo, posho ya kila mwezi, nauli ya ndege kwenda na kurudi, na gharama za viza. Hauna kikomo cha umri, kwa hiyo mwenye miaka 41 asijitoe mwenyewe. Sharti kubwa ni kwamba ukimaliza unarudi nyumbani na kukaa angalau miaka 2. Kuomba ni bure. Mtu akikuomba hela ya fomu, au akisema ana mtu wake ubalozini wa kulipitisha jina lako, huyo ni tapeli.

Jipime kabla ya kujaza chochote

Kipimo cha kwanza ni shahada. Vyuo vya Uingereza mara nyingi hutaka daraja la pili la juu, ambalo kwa vyuo vyetu vinavyotumia GPA ya 5 huanzia 3.5. Aliye chini kidogo ya hapo asome masharti ya kozi yenyewe, kwani viko vyuo vinavyotazama na uzoefu wa kazi.

Kipimo cha pili ndicho kinachoangusha watu bila wao kujua: saa 2,800 za kazi. Usikisie, chukua karatasi upige hesabu. Anayefanya kazi saa 40 kwa wiki hufikisha idadi hiyo kwa wiki 70. Anayejitolea nusu siku, saa 20 kwa wiki, anahitaji wiki 140. Kujitolea kunahesabiwa sawa na kazi ya mshahara, na habari hiyo ni njema kwa mkoa wetu ambako vijana wengi hujitolea shuleni na kwenye zahanati kabla ya kupata ajira. Ila egemea zaidi saa za baada ya kumaliza shahada, na kila kipindi kiwe na barua inayotaja tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Barua ya "huyu alikuwa nasi" haina msaada.

Sanduku la vyeti

Toa cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha shahada, transkripti na kitambulisho cha NIDA. Vitandaze mkekani, kisha soma jina herufi kwa herufi. Huku kwetu r na l hubadilishana viti bila kuombana ruhusa. Kwenye cheti cha kuzaliwa Rukia, shuleni Lukia, chuoni akawa Rukia tena. Mtaani hakuna anayejali, lakini mfumo wa viza unajali sana. Ukikuta tofauti, nenda kwa wakili upate hati ya kiapo, au deed poll, yaani hati ya kubadili jina, kama jina limebadilika kabisa, na ufanye hivyo mwezi wa tano au wa sita, usisubiri ukiwa na barua ya ushindi mkononi.

Pasipoti nayo ianze mapema. Maombi hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha unapeleka nyaraka ofisini mkoani. Gharama yote ni shilingi 150,000. Watakuomba cheti chako cha kuzaliwa, NIDA, na cheti cha mzazi au kiapo chake. Hapo kwenye mzazi ndipo wana Kigoma wengi hukwama. Tunapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa kuna Kongo, kwa hiyo maswali ya asili yako yatakuwa marefu kuliko anayoulizwa mtu wa Morogoro. Usikasirike mbele ya meza. Beba barua ya serikali ya mtaa au kijiji, vyeti vya wazazi kama vipo, na uwe na subira ya wiki kadhaa. Baba yangu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Tulimtafutia kiapo, na mzee akacheka: "Mwanangu, leo ndiyo naambiwa nimezaliwa?"

Kama ni mtumishi wa umma, andika pia barua ya ruhusa ya masomo. Inapitia kwa mkuu wako wa kazi kwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, na kila meza ina kasi yake. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kozi tatu

Fomu inataka kozi 3. Chagua zinazofanana, kiasi kwamba mtu akizisoma pamoja aone njia moja. Mimi ni afisa uvuvi. Niliweka ya kwanza ufugaji endelevu wa viumbe maji katika Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, na nyingine mbili za usimamizi wa rasilimali za maji baridi. Rafiki yangu mmoja aliweka biashara, afya ya jamii na sheria ya bahari. Nilipomuuliza, alisema anapanua wigo. Hakuitwa usaili.

Kuomba Chevening na kuomba chuo ni maombi mawili tofauti. Hili linasahaulika mno. Unapaswa kuomba vyuo mwenyewe, na hadi Julai uwe na barua ya kupokelewa isiyo na masharti kutoka angalau kimoja. Vyuo vingi havitozi ada ya maombi ya uzamili, hivyo anza na hivyo. Chevening yenyewe haidai cheti cha Kiingereza, chuo ndicho kinachodai. Waandikie uwaulize kama watakubali barua ya chuo chako kwamba ulisoma kwa Kiingereza. Wakikataa, panga safari ya kufanya IELTS, yaani mtihani wa Kiingereza, na ukumbuke matokeo yake hudumu miaka 2 tu.

Insha, hapa ndipo pa kukesha

Maswali huzunguka mambo manne: uongozi, namna unavyojenga mahusiano ya kikazi, kwa nini kozi hizo na kwa nini Uingereza, na mpango wako wa kazi ukirudi. Mwaka wa kwanza niliandika kwamba kiongozi bora ni mtumishi wa watu, nikamtaja na Mwalimu Nyerere, kwamba alitoka kufundisha St. Mary's pale Tabora akaenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Yote kweli tupu. Ila mimi sikuwemo ndani ya insha yangu mwenyewe. Msomaji alimfahamu Mwalimu zaidi, mimi akaniacha mlangoni.

Mwaka wa pili niliandika kuhusu kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Kwenye karatasi ni sentensi moja. Mwaloni Kibirizi ilikuwa miezi mitatu ya akina mama waanika dagaa kuuliza watoto watakula nini. Nikaandika nilichofanya mimi: vikao vingapi niliitisha, nani alikataa kuja na nilimfuata vipi nyumbani kwake, kikundi gani kilianza biashara nyingine, na kosa langu la kwenda mara ya kwanza na tangazo badala ya kwenda na masikio. Nilitaja idadi zote nilizokuwa nazo kwenye daftari la kazi. Insha ile ndiyo iliyonifikisha kwenye usaili.

Kwa hiyo andika kwanza kwa Kiswahili, kama unavyomsimulia shangazi aliyetoka Buhigwe: hali ilikuwaje, wewe ulitakiwa nini, ulifanya nini, kikatokea nini. Kisha ndipo uandike kwa Kiingereza, ukiangalia kikomo cha maneno kilichowekwa kwenye fomu. Popote ulipoandika "sisi", jiulize kama ulimaanisha "mimi". Sisi tumelelewa kutojisifu, na ni malezi mazuri, lakini fomu hii inataka ujulikane ulichokifanya kwa mkono wako.

Swali la mahusiano huwachanganya wengi, wanadhani linataka majina ya wakubwa. Linataka uonyeshe namna unavyomjua mtu, unavyomtunza, na jinsi mahusiano hayo yalivyosaidia kazi. Mwenyekiti wa wavuvi aliyekupigia simu saa kumi na moja alfajiri kukuambia kuna nyavu haramu ni mahusiano tosha. Kwenye mpango wa kazi, usiahidi kuibadilisha Tanzania. Taja cheo unachokilenga, ofisi, na jambo moja au mawili ya miaka mitano ijayo.

Usinakili insha ya mtu aliyeshinda. Wana njia za kuzitambua, na hata wasipozitambua, ukifika kwenye usaili utaulizwa habari za maisha yasiyo yako.

Kutuma

Usiandike moja kwa moja ndani ya mfumo. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati ya aya, utalia. Andika pembeni, hifadhi kwenye barua pepe yako, kisha bandika. Dirisha hufunguliwa Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Soma saa ya mwisho kwa makini: wao huandika saa sita mchana kwa saa za GMT, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri. Kuna mtu alisubiri usiku wa manane kwa sababu alizoea ya kwamba siku huisha usiku. Tuma wiki moja kabla.

Utataja wadhamini 2, yaani watu wanaokufahamu wa kukuandikia barua, na barua zao huombwa kwa walioitwa usaili. Chagua mtu anayefungua barua pepe. Bosi wangu wa zamani alikubali kwa moyo mmoja, kumbe anwani aliyonipa alifunguliwa na kijana wa steshenari miaka sita nyuma na nywila hakuijua. Tuliokolewa na simu ya siku ya mwisho.

Usaili na baada yake

Wanaoitwa hufanyiwa usaili kati ya Februari na Aprili, ukiandaliwa na Ubalozi wa Uingereza, ambao upo Umoja House, Dar es Salaam. Maswali hutoka kwenye insha zako, kwa hiyo zichape na uzisome hadi uzizoee bila kuzikariri. Nilifanya mazoezi na jirani yangu wa Mwanga, mwalimu wa sekondari. Dakika ya tano akanikatiza: "Dada yangu, mbona unajibu kama unahubiri?" Alikuwa sahihi. Tulirudia jioni nne, nikijibu kwa mfano mmoja kila swali na kunyamaza.

Majibu huanza kutoka Juni. Ukichaguliwa, unakimbizana na mambo mawili: barua ya chuo isiyo na masharti, na viza. Barua yangu ilichelewa kwa sababu chuo nilichosoma hapa nchini kilichukua wiki nyingi kutuma transkripti, basi iombe tangu Januari. Kwa viza ya zaidi ya miezi sita, Mtanzania hupimwa kifua kikuu kwenye kliniki iliyo kwenye orodha ya serikali ya Uingereza, na cheti chake hudumu miezi 6. Ukipima mapema mno kitaisha kabla hujaomba. Miadi ya alama za vidole iko Dar, hivyo jaribu kuweka kipimo na miadi ndani ya wiki ile ile. Reli kutoka Kigoma ni kilomita zaidi ya 1,200 na treni ikichelewa hainunui miadi mpya. Mimi nilipanda basi siku tatu kabla, nikalala kwa binamu Mbagala, nikiwa na bahasha ya vyeti kifuani njia nzima.